Naomba ushauri: nimwonyeshe mama filamu ya Greenfingers kabla hatujaenda gerezani kumwona mdogo wangu?

BintiMakorora

Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Nahitaji ushauri wa wanaozijua jela za Uingereza, na wapenzi wa filamu pia.

Mdogo wangu wa kiume anatumikia kifungo hapa Uingereza. Kosa lake sitalieleza, alishalikiri mahakamani na adhabu anaitumikia. Kwanza alikuwa gereza la kuta ndefu na milango ya chuma kila hatua. Sasa amehamishiwa gereza la wazi, lile la daraja D, yaani la wafungwa wanaoonekana hawana hatari kubwa, amalizie muda uliobaki. Mama amekuja kutoka Tanga kumwona. Akisikia jela, kinachomjia ni Maweni, maana ndilo gereza alilolijua tangu utoto. Tangu ashuke kwenye ndege halali vizuri. Ananiuliza kama mtoto anapigwa, kama anakula akashiba, kama analala sakafuni. Namjibu kila swali, lakini naona kabisa hayamwingii.

Ndipo nikaikumbuka Greenfingers, filamu ya Kiingereza ya mwaka 2000. Clive Owen anacheza mfungwa anayeitwa Colin, anahamishiwa gereza la wazi na huko anajikuta kwenye bustani ya maua. Helen Mirren ndiye bibi maarufu wa bustani anayewashika mkono yeye na wenzake. Inachekesha, inaliza. Nawaza kwamba mama akiona wafungwa wanatembea bila pingu, wana vyumba vyao na kazi zao, roho itatulia. Hofu yangu ni kumpa picha ya uongo, halafu siku tukifika pale ukweli umkate maini. Kiingereza cha mama ni cha salamu tu, kwa hiyo nitakuwa namtafsiria.

Nimwonyeshe au niache? Kama kuna nyingine inayofaa zaidi, nitajieni.

MzeeWaNgamiani

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole zetu watu wa Ngamiani. Hiyo filamu siijui, wanaojua waje.

KakaNyali

Dada, pole. Kwa upande wa filamu nitakusaidia, hizi za jela za Waingereza nazipenda na nyingi nimezirudia.

Greenfingers si hadithi ya hewani. Iliandikwa na kuongozwa na Joel Hershman, naye aliichota kwa wafungwa halisi wa gereza la wazi la Leyhill, kule Gloucestershire. Wafungwa wale walipanda bustani, wakazipeleka kwenye maonyesho makubwa ya maua ya Hampton Court na Chelsea, wakarudi na medali. Kwenye filamu gereza limebadilishwa jina, linaitwa Edgefield. Visa vya watu mmoja mmoja ni vya kutungwa. Lakini wafungwa kukabidhiwa majembe na mikasi, kisha kupelekwa mbele ya umma wakashindane na mabingwa wa bustani, hilo lilitokea kweli. Mama akikuuliza kama wazungu wametunga tu, mjibu bila wasiwasi.

Kinachoifanya imfae ni kwamba inasomeka kwa macho. Yule mzee Fergus, anayekaa chumba kimoja na Colin, anampa zawadi ya Krismasi: pakiti ya mbegu za maua. Colin anazifukia ardhini bila matumaini yoyote, halafu siku moja anakuta zimeota. Pale huhitaji kutafsiri neno hata moja. Uso wa Clive Owen unatosha.

Nyingine ninazozijua kwa mama hapana. Porridge ya mwaka 1979 ni nzuri kupita kiasi, imetokana na tamthilia ya BBC, Ronnie Barker ndiye Fletcher, mfungwa mzoefu anayewazunguka askari kwa maneno. Waliirekodi ndani ya gereza halisi la Chelmsford, wakati limehamwa baada ya moto wa 1978. Ila utamu wake wote uko mdomoni, kwenye majibu ya haraka na lafudhi. Ukianza kutafsiri utani umeshapita. Tena gereza lile ni la kufungiwa, kengele na funguo mwanzo mwisho, ndiyo picha hiyohiyo unayotaka kumwondolea.

Lucky Break ya 2001 usiiguse kabisa. Watu huitaja kama vichekesho, wafungwa wanaandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo kumhusu Admirali Nelson ili wapate upenyo wa kutoroka. Ndani yake kuna mfungwa mpole, amecheza Timothy Spall, anaonewa na askari mpaka anajitoa uhai. Mama mwenye mtoto ndani asikutane na hiyo.

Shangazi_Luton

BintiMakorora, mwanangu, mimi mume wangu alimalizia kifungo gereza la wazi, kwa hiyo naongea ninachokijua.

KakaNyali kaeleza vizuri lakini kuna kitu hajakigusa. Colin yuko jela kwa kumuua ndugu yake. Ndugu wa damu. Hilo halifichwi, ndilo analolibeba filamu nzima, ndiyo sababu mwanzoni hataki kuongea na mtu. Sasa wewe umekaa na mama yako kwenye kochi, wewe ndiye dada wa aliyefungwa, unamtafsiria mama habari za mtu aliyemuua nduguye. Ulijiandaa kwa hilo? Usilipite kimya, maana mama si mtoto, atasoma nyuso na atakuuliza. Na Fergus ni mgonjwa, ugonjwa wake si wa kupona. Mama mzima aliyetoka safari ndefu, ana hofu na mwanawe, atayachukua yote mawili kama yanamhusu yeye.

Sisemi asiione. Nasema aione baada ya kumwona mwanawe, si kabla. Akishamshika mkono, akamwona kanenepa au kakonda kwa macho yake, filamu itabaki kuwa filamu. Kabla ya hapo kila kitu atakachokiona humo atamvika mwanawe.

Kwa sasa mweleze vitu vya kushikika. Gereza la wazi halina ule ukuta mkubwa. Wanahesabiwa mara kadhaa kwa siku, na anayeondoka bila ruhusa hushtakiwa na kurudishwa kule kwenye milango ya chuma. Wanafanya kazi. Wakishapimwa na kuonekana wanaaminika, hupewa ruhusa ya kutoka kwa muda: wengine kazi za nje mchana na kurudi jioni, wengine kuja nyumbani kulala. Mume wangu alikuja hivyo. Kilichonitesa mimi ni ile jioni ya kumrudisha, kuliko hata siku aliyohukumiwa, kwa sababu safari hii alikuwa anarudi kwa miguu yake na mimi ndiye ninayeendesha gari. Mwambieni mama mapema kwamba hilo litakuja, asije akalia mlangoni akamvunja kijana.

Mchunguzi_Leeds

Naomba nitofautiane kidogo. Filamu hizi Waingereza wanazipenda kwa sababu zinawatuliza. Mkuu wa gereza ana utu, askari wanatania, mapenzi yanachanua, na Colin anampata binti wa bibi wa bustani. Aliyewahi kuingia kwenye magereza yao ya mjini yaliyojengwa enzi za Victoria, watu wawili kwenye chumba cha mmoja, anajua kwamba Edgefield ni sehemu ndogo sana ya habari nzima.

Haya madaraja A, B, C na D yalikuja baada ya George Blake, jasusi wa Warusi, kutoroka gereza la Wormwood Scrubs la London mwaka 1966. Ukafanywa uchunguzi ulioongozwa na Lord Mountbatten, ndipo wafungwa wakaanza kupangwa kwa kiwango cha hatari yao. Magereza ya wazi yenyewe yalitangulia, la kwanza New Hall karibu na Wakefield mwaka 1936, na Leyhill mwaka 1946 kwenye vibanda vya hospitali ya wakati wa vita. Nayasema haya kwa sababu mama akishaona maua atauliza swali moja zito: kama wana mahali pazuri hivi, kwa nini mwanangu hawakumpeleka tangu mwanzo? Uwe na jibu. Na jibu ni kwamba pale mtu hupafikia kwa hatua, wakishamwona mwenendo wake. Ukilisema hivyo, ni sifa kwa mdogo wako, na mama ana haki ya kuisikia sifa hiyo.

Swali langu: kijana mwenyewe mmemuuliza? Ni maisha yake mnayotaka kuyaonyesha.

KakaNyali

Shangazi, hilo la nduguye umenizidi. Nilikuwa naangalia maua. Naunga mkono, baada.

Mchunguzi, kwenye mapenzi nakubali, ile sehemu ni sukari. Ila usiiseme filamu yote. Colin anapotoka kwa Parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, anakuta nje hakuna mahali panapomtaka kama pale alipokuwa na wenzake na udongo wao. Anachokifanya baada ya hapo sitakisema kwa ajili ya dada, lakini hakuna mtu anayetaka kumtuliza mtazamaji angeandika hivyo. Kutoka jela kunatisha, na hilo vichekesho vingi huliruka.

BintiMakorora

Jamani asanteni, Mungu awabariki. Shangazi, ile ya ndugu kwa ndugu mimi niliiona filamu miaka mingi nyuma na haikunigusa kwa sababu hayakuwa yamenifika. Leo nimesoma maneno yako nikainuka nikatembea kidogo.

Mchunguzi, nimemuuliza. Alipiga jana usiku. Hiyo filamu anaijua, amesema kule ndani wanataniana kuihusu. Yeye hayuko bustanini, yuko jikoni, anapika chakula cha watu wote na anasomea cheti cha mapishi. Akasema: "Mwambie mama nisimame mbele yake kwanza, hayo mengine nitamweleza kwa mdomo wangu." Nikampa mama simu. Alichouliza ni kama wanatia nazi. Akajibiwa hapana, mama akasikitika kweli, na jana ndiyo mara ya kwanza amelala mpaka alfajiri.

Kwa hiyo filamu baadaye, Shangazi ameshinda. Sasa limezuka jingine: mama amesikia jikoni, anataka kupika visheti na mkate wa kumimina ampelekee. Nimwambieje? Na yeye ni mgeni mwenye viza ya matembezi, wataruhusu aingie?

Shangazi_Luton

Chakula cha kupika nyumbani hakipiti, mwambie leo asianze kukanda. Kwenye ukumbi wa wageni mara nyingi kuna kinywaji na vitafunwa vya kununua, lakini kila gereza lina utaratibu wake, piga simu uulize wanapokea fedha za aina gani na nini kinaachwa kwenye kabati la wageni. Hivyo visheti mpikieni siku atakapokuja kwa ruhusa.

Viza si shida, anachotakiwa ni kitambulisho, na pasipoti inatosha. Miadi unaiweka kwenye tovuti ya serikali: namba ya mfungwa ya mdogo wako, tarehe yake ya kuzaliwa, na majina ya wanaokuja. Jina la mama liandike herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, na siyo mnavyomwita nyumbani, maana watu wanarudishwa mlangoni kwa hilo. Uliza pia kama kuna kibali ambacho kijana anapaswa kukuombeeni kutoka ndani, magereza mengine bado wanakidai. Aliyehukumiwa ana haki ya kutembelewa angalau mara mbili kila wiki nne, saa moja kila mara, na ya wazi mengi huongeza.

Fikeni mapema, kuna ukaguzi. Mama akivaa hijabu mweleze kabla kwamba anaweza kuomba akaguliwe na askari mwanamke, faragha.

Mchunguzi_Leeds

Na ukae wewe upande, mama akae akimkabili kijana. Saa moja ni fupi.

BintiMakorora

Nimeingia kwenye tovuti sasa hivi, Jumamosi zimejaa, nimepata Jumapili mchana. Mama namwambia akiamka. KakaNyali, unajua inapatikana wapi yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha? Yatanisaidia kutafsiri.

KakaNyali

Tafuta DVD za mitumba kwenye maduka ya hisani, huko ndiko nilikoipata yangu. Geuza jalada nyuma uangalie kama wameandika ina maandishi, si matoleo yote yanayo.