Vanishi ya UV inanata juu na taa inawaka vizuri. Shida ni taa kweli?

Mchapaji wa Kibuye
Wakuu, habari za jioni. Niko Kisumu, nina mashine ya kukausha vanishi ya UV (inayokaushwa na mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho), ile ya mkanda yenye taa moja ya zebaki. Siku hizi kadi za harusi zinatoka zikinata juu. Ukizipanga jioni, asubuhi zimegandana na mteja yuko mlangoni. Taa inawaka, tena kwa mwanga mkali. Nikipunguza mwendo wa mkanda zinakauka, lakini karatasi inajikunja kama chapati. Mita inasoma taa imeshawaka saa 800 hivi. Muuzaji anasema taa imekufa, nilete hela. Ni kweli?

Fundi wa Nakuru
Usitoe hela bado. Muuza taa ulitaka akwambie nini kingine?

Mwanga unaouona kwa macho sio unaokausha. Taa inaweza kung'aa hadi ukafumba macho na UV yake imeshuka vibaya. Nyingi za zebaki huhesabiwa saa 1,000 hivi, kwa hiyo yako imezeeka, haijafa. Ila umesema inanata *juu*, na hilo ndilo la kushika. Juu ya vanishi hukaushwa na mawimbi mafupi, yale ya nanomita 254 na jirani zake. Ya 365 ndiyo huzama ndani. Mafupi ndiyo huzuiwa kwanza na uchafu, na oksijeni ya hewani nayo inapingana na vanishi hapo hapo juu.

Zima, chomoa, acha ipoe kabisa. Anza na riflekta, lile bati linalorudisha mwanga kwenye karatasi. Zaidi ya nusu ya UV inayofika kwenye karatasi imepigia huko kwanza, na watu huisahau kwa kuwa imejificha nyuma ya taa. Ikiwa na utando, pangusa kwa isopropili alkoholi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya rangi hapana, stilwulu ndiyo kabisa usithubutu. Na vaa glovu! Alama ya kidole ikibaki kwenye kioo cha taa, kile cha kwatzi, chumvi ya jasho huungulia humo taa ikipata moto, kioo kinapiga weupe, na weupe ule hautoki hata usugue hadi Krismasi. Ukirudisha taa, izungushe robo ili isijipinde upande mmoja.

Mchapaji wa Kibuye
Nimefungua. Fundi, filta ya feni imejaa wadudu wa ziwani! Tunafanya kazi usiku mlango wazi, mwanga unawaita. Riflekta ni ya kahawia, na ncha za taa zimekuwa nyeusi.

Fundi wa Nakuru
Ncha nyeusi kidogo ni uzee tu. Wadudu ndio hatari: feni ikikosa hewa, joto linapanda na taa inaweza kupinda. Kwa wadudu hao, filta isafishwe kila wiki, msimu ukiwa mkali hata kila asubuhi. Huku kwetu ni vumbi.

Dada wa Kakamega
Kaka, nunua na vile vibandiko vya kupimia UV. Pitisha kimoja leo mashine ikiwa safi, ukitunze, utalinganisha baadaye. Na ukishawishiwa kuhamia taa za LED, uliza kwanza kama vanishi yako inazifaa. Nyingi za LED hutoa nanomita 395 pekee, vanishi yako ya zebaki huenda isikauke. Dirisha la LED nalo hushika ukungu wa wino, lisafishwe vile vile.

Mchapaji wa Kibuye
Asanteni sana. Nimesafisha, mwendo umerudi wa kawaida, ukucha haukwaruzi na selotepu haivui kitu. Taa mpya nitaagiza polepole. Lakini stima ikipotea katikati ya kazi?

Fundi wa Nakuru
Toa karatasi chini ya taa haraka, isiungue. Feni ukiweza ziwekee inverta, maana zinasimama taa ikiwa bado moto. Stima ikirudi usilazimishe: taa ya moto haiwaki mpaka ipoe. Na ile ya zamani usiitupe jaani, ina zebaki. Mrudishie muuzaji, si anataka biashara? Ikikuvunjikia, toa watu nje, fungua madirisha, na usifagie kwa ufagio. Okota kwa kadi ngumu na selotepu, ufunge ndani ya chupa yenye kifuniko.