Mashine ya kuangulia mayai 60: unyevu 63%, vifaranga wananata na wengine wanafia ndani ya ganda. Niongeze maji au nipunguze?

Mtetea60

Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Mashine ni boksi la mbao, ina feni ndogo, bulbu mbili na thamostati ya dijitali. Nipo Mbagala, Dar. Mayai ya kienyeji, hakuna lililokaa zaidi ya siku 5 kabla ya kuingia.

Joto 37.6 muda wote. Mabeseni mawili ya maji chini ya trei, unyevu unasoma 63% tangu siku ya 1. Siku ya 18 nimeongeza beseni la tatu, ukapanda hadi 78%.

Mayai 60 yaliingia. Siku ya 10 niliyamulika kwa tochi nikatoa viza 11. Yaliyobaki 49, wametoka vifaranga 21, wa kwanza siku ya 21 asubuhi. Mayai 28 hayakuanguliwa, na kati ya hayo 9 yalishatobolewa kifaranga akafia humo. Waliotoka wana matumbo makubwa na manyoya yamegandamana. Jirani anasema wamenata kwa ukavu, niongeze maji. Kweli?

FundiBoksi

Hapana mkuu, usiongeze. Kunata kupo kwa aina mbili na watu wanazichanganya.

Chukua mayai manne kati ya hayo 28, yapasue taratibu upande wa butu. Ukikuta mfuko wa hewa ni mdogo, kifaranga mkubwa amejaa ganda zima, ana ute wa kuvutika kama gundi na maji yanachuruzika, huo ni unyevu uliozidi. Ukikuta mfuko wa hewa umechukua zaidi ya theluthi ya yai, kifaranga mdogo, utando mkavu kama karatasi umemshika mdomo na bawa, huo ndio ukavu. Kwa matumbo na manyoya uliyoyaeleza, naweka dau kwenye la kwanza.

Sababu ni hii. Yai linapumua kupitia vitundu vya ganda na kila siku linapoteza maji kidogo. Nafasi inayoachwa ndiyo mfuko wa hewa. Kabla hajatoboa ganda, kifaranga anatoboa kwanza utando wa ndani na kuvuta pumzi yake ya kwanza humo kwenye mfuko. Hewa ya mashine ikiwa imeshiba maji, yai halikauki inavyotakiwa, mfuko unabaki mdogo, na anapotoboa anakutana na majimaji. Anazama akiwa ndani ya yai.

Joto silishuku sana. Likiwa chini nalo huleta matumbo makubwa, ila hapo wangechelewa hadi siku ya 22 au 23. Wako wametoka kwa wakati.

Sasa jambo ambalo watu wa Pwani hawaambiwi wanaponunua mashine: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu 75%, ukiipasha hadi 37.5 bila kuongeza tone la maji, inabaki na unyevu wa karibu 49%. Lengo la siku 18 za kwanza ni 45 hadi 55. Maana yake ulishafika kabla hujajaza beseni. Mzunguko ujao anza makavu, yaani bila maji kwenye mashine. Ukishuka chini ya 40 muda mrefu, weka maji kwenye kikombe kimoja cha chai, siyo beseni.

Na kumbuka kinachoongeza unyevu ni upana wa maji, siyo kina. Sinia la maji ya kina cha sentimita moja linatoa mvuke mwingi kuliko ndoo iliyojaa. Ukitaka kupunguza, weka chombo chenye mdomo mdogo. Usizibe matundu ya hewa kwa ajili ya kupandisha unyevu, utawanyima pumzi.

NyandaZaJuu

Fundi yuko sahihi kwa Dar, ila mtu wa huku kwenye baridi, Njombe au Mafinga, asiige hiyo ya kuanza makavu. Hewa ya usiku ya nyuzi 15 yenye unyevu 80% ukiiingiza kwenye 37.5 inabaki na kama 21%. Nje ukungu, ndani ya mashine jangwa. Huku bila sinia la maji tangu siku ya kwanza unapata kile kifaranga cha utando wa karatasi.

Ndiyo maana asilimia peke yake nisingeitegemea. Tegemea mizani. Yai la kuku linatakiwa lipoteze kama 12% ya uzito wake hadi siku ya 18, yaani 2% kila siku 3. Mizani ya jikoni ya dijitali inatosha.

Weka alama kwa penseli kwenye mayai 30, yapime pamoja bila trei. Tuseme ni gramu 1,300. Siku ya 6 yawe karibu 1,248, siku ya 12 1,196, siku ya 18 1,144. Siku ya 6 ukikuta 1,265, hayakauki vya kutosha: toa maji. Ukikuta 1,225, yanakauka mno: ongeza upana wa maji. Bado una siku 12 za kurekebisha, siyo kusubiri siku ya 21 uhesabu maiti.

Kosa linalofanyika hapa ni kumulika, kutoa viza, halafu kulinganisha na uzito wa mwanzo ule ule. Andika uzito wa kila yai juu ya ganda lake siku ya kwanza. Ukilitoa, punguza namba hiyo kwenye jumla ya mwanzo.

BandaLaUani

Kabla ya yote, hiyo 63% nani ameithibitisha? Vile vipimo vya bei nafuu kukosea kwa 5 hadi 10 ni kawaida.

Jaza kifuniko cha chupa ya maji kwa chumvi ya mezani, dondoshea maji hadi iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke yote. Weka kifuniko na kipimo chako kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, visigusane. Acha saa 12 chumbani, pasipo na jua. Humo ndani unyevu unatulia kwenye 75%. Kikisoma 81, basi kinazidisha 6 na 63 yako ilikuwa 57. Andika tofauti kwa kalamu mgongoni mwa kipimo.

Asiyeamini dijitali atumie kipimajoto cha kioo na utambi mpya wa pamba wa kandili. Uchemshe utambi kwanza kutoa dawa ya kiwandani, uvalishe kwenye tungi la kipimajoto, ncha ya pili izame kwenye kikopo cha maji yaliyochemshwa, vyote vikae kwenye upepo wa feni. Joto la mashine likiwa 37.5 na utambi ukasoma 28.3, unyevu ni 50%. Ukisoma 31.5, ni 65%. Utambi ukigeuka mgumu kwa chokaa, badilisha, unasoma uongo.

Mtetea60

Nimepasua matano. Manne yana mfuko mdogo na ute wa kuvutika, la tano limeoza. Nimeelewa. Je, siku tatu za mwisho 78% ilikuwa nyingi? Na mayai ya bata naweza kuchanganya humo humo?

FundiBoksi

65 hadi 70 inatosha. Ila ikifika 78 baada ya vifaranga kadhaa kutoka, usihangaike, ni maji ya miili yao yanakauka. Hapo fungua matundu zaidi, hewa ndiyo wanayoihitaji.

Siku ya 18 mulika mara ya mwisho, acha kugeuza, laza mayai kwenye waya uliotandikwa kipande cha gunia ili miguu isiteleze na kutanuka. Sinia la maji lifunike kwa wavu, la sivyo watazama. Likiwa halifikishi 65, ning'iniza kitambaa cha pamba, nusu kwenye maji nusu kwenye hewa. Maji ongeza kwa mpira wa dripu uliopita kwenye tundu, maji ya vuguvugu, mlango ukiwa umefungwa.

Halafu mikono nyuma. Kila ukifungua, unyevu unashuka ghafla na utando wa mayai yaliyotobolewa unakauka na kumbana aliyemo. Unaweza kupata ukavu kwenye mashine iliyokuwa na unyevu mwingi siku 18 zote, ndiyo jirani yako anachanganyikiwa. Toka kutoboa hadi kutoka, saa 12 hadi 24 ni kawaida. Waliokwisha kutoka hawana njaa, bado wana kiini tumboni; toa waliokauka manyoya mara moja kwa siku, haraka.

NyandaZaJuu

Bata inawezekana, tatizo ni tarehe. Kuku wakifika siku ya 18 unapandisha unyevu, na bata aliyeingia siku moja nao bado anahitaji kukauka. Kwa hiyo watangulize ili wote wafikie kufungiwa (zile siku tatu za mwisho za unyevu mwingi bila kugeuza) siku moja. Bata ambao mayai yao huanguliwa kwa siku 28 ingiza siku 7 kabla ya kuku. Lakini bata wengi wa mitaani kwetu, wale wenye nyama nyekundu usoni, ni wa siku 35. Hao ingiza siku 14 kabla. Na trei yao iwe ya nafasi kubwa, yai la bata kwenye tundu la yai la kuku wa kienyeji halikai.