Mashine ya kupumulia inaweza kuyajeruhi mapafu?

Mpwa wa Tabata: Habari za leo, ndugu zangu. Mjomba wangu amelazwa hapa Dar es Salaam kwa nimonia iliyotokana na virusi vya mafua, na daktari anaomba ridhaa ya kumwekea mpira wa kupumulia kwa kuwa oksijeni ya barakoa haimtoshi tena. Ametuonya kwamba mashine hiyo inaweza kuyaumiza mapafu. Wazee wanasita, wakikumbuka waliofia kwenye mashine wakati wa UVIKO-19. Jeraha hilo hutokeaje, na linazuilika?

Muuguzi wa ICU: Poleni kwa kuuguliwa. Virusi haviharibu mapafu sawasawa: vifuko vingi vya hewa hujaa majimaji, na hewa inayosukumwa na mashine huishia katika sehemu ndogo iliyobaki nzima, ikaitanua kupita kiasi. Vifuko vinavyojifunga na kufunguka kwa kila pumzi navyo huchubuka, na hewa ikivuja nje ya pafu, pafu husinyaa.

Kinga kuu ni kupunguza hewa hiyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, uliohusisha wagonjwa 861, ulionyesha kuwa kati ya waliopewa mililita 6 za hewa kwa kila kilo ya uzito, katika kila pumzi, walifariki asilimia 31, na kati ya waliopewa mililita 12 asilimia 39.8. Kilo hizo hukokotolewa kutokana na urefu, si mizani, kwa sababu mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Mwanamume wa sentimita 170 huhesabiwa kilo 66, hata kama ana 100, na hupewa mililita 400 hivi. Kwa hiyo mkituona tukinyoosha futikamba kutoka utosini hadi kisiginoni mwa mgonjwa, msidhani tunapima jeneza. Kuna ndugu aliwahi kuangua kilio wodini kwa sababu hiyo.

Daktari wa usingizi: Naongeza kwamba kusubiri nako kuna hatari, kwani mgonjwa anayehema kwa nguvu nyingi anaweza kuyaumiza mapafu yake mwenyewe, na waliowekewa mashine wakati wa UVIKO-19 ndio waliokuwa wamezidiwa zaidi. Ulizeni pia kama atalazwa kifudifudi iwapo oksijeni itabaki chini, angalau saa 16 mfululizo.

Mpwa wa Tabata: Ahsanteni sana. Mjomba alikatwa miguu kwa ajili ya kisukari. Urefu wake utapimwaje?

Muuguzi wa ICU: Tutapima mfupa wa mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo, na kuukadiria urefu kutokana na hapo.