Ilorin ni ya nani: wana wa Afonja au wana wa Alimi?

Wakuu, hoja ni hii. Ilorin, makao makuu ya jimbo la Kwara huko Nigeria, ni mji wa Kiyoruba kwa lugha, sokoni hadi majumbani. Lakini hauna Oba, yaani mfalme wa Kiyoruba. Una Emir wa ukoo wa Kifulani, tangu miaka ya 1820. Wazao wa Afonja wanasema kiti ni chao. Mnasemaje?

Kwa wageni wa habari hii: Afonja alikuwa Are Ona Kakanfo, amiri jeshi mkuu wa dola ya Oyo. Akamwasi mfalme wake, Alaafin, kisha akatafuta nguvu kwa shehe wa Kifulani, Salih, anayejulikana zaidi kwa jina la Alimi. Wapiganaji wao waliitwa Jamaa (neno hilo kwetu halihitaji mkalimani), na watumwa wengi wa Kihausa waliwatoroka mabwana zao wakajiunga nao. Mwishowe Jamaa haohao wakamgeuka Afonja wakamuua, na mtoto wa Alimi, Abdulsalami, akawa Emir wa kwanza. Mimi nauita uporaji.

— Mkuu, mbona umemruka Solagberu? Myoruba yule, Mwislamu, mkubwa wa mtaa wa Oke Suna palepale Ilorin. Afonja alipozidiwa, yeye alikaa pembeni akitazama. Ingekuwa ni Wafulani dhidi ya Wayoruba tu, angeingia vitani siku ileile. Dini ilishawagawa wenyewe kwa wenyewe. Na hakufaidi kitu, maana baadaye naye aliuawa.

— Hayo ya vita yaacheni, jina la mji linatosha. Ilo irin, mahali pa kunolea chuma. Masimulizi yanamtaja Ojo Isekuse, aliyenoa zana zake kwenye jiwe la pale, kabla ya Afonja na kabla ya shehe yeyote. Jiwe lipo hadi leo.

— Kwa hiyo wa kwanza kunoa panga ndiye mwenye mji? Basi hata Afonja ni mpangaji!

— Hapo umenibana, nakubali. Na la Solagberu sina jibu. Ila ninyi mnaotaka Oba arudi, niambieni: Ilorin ina Balogun wanne, yaani wakuu wa vita wa jadi. Ajikobi na Alanamu ni wa Wayoruba, Gambari wa Wahausa, na wa nne wa Wafulani wenyewe. Wajukuu wa wote hao leo wanagombana kwa Kiyoruba kilekile. Huyo Oba atawaambia watu wa Gambari warudi wapi?