USHAURI: Kaka alipata ajali ya lori, sasa ni kahawa na jaba (miraa) usiku kucha. Je, vinaikaza hofu kichwani?

Dada_Section58 (Nakuru)
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kwa niaba ya kaka yangu mkubwa, dereva wa lori la masafa. Wiki tatu zilizopita breki zilikataa kushika kwenye mteremko wa Salgaa. Alitoka na michubuko, ila sasa akisikia breki za upepo zikipumua anaruka na kutokwa jasho. Yuko nyumbani, amepewa mapumziko, lakini halali kwa sababu ndoto ni zile zile. Ili asilale, anakunywa makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu, yale ya mililita 500, moja saa nne usiku na jingine saa nane. Kahawa vikombe vitatu, kijiko kimoja kimoja. Miraa karibu kila jioni. Asubuhi kichwa kinamuuma, anameza Panadol Extra mbili.

Maswali: (1) Vitu hivi vinaifanya kumbukumbu ya ajali iwe kali zaidi? (2) Aache vyote kwa mpigo? Marafiki zake wanamwambia atafune mpaka asahau.

Famasia_Kondele (Kisumu)
Pole sana dada, na umpe kaka pole. Tuanze na hesabu. Vinywaji hivyo vina takriban miligramu 32 za kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa, kwa kila mililita 100, kwa hiyo kopo la 500 ni kama 160. Makopo mawili ni 320. Kijiko cha kahawa ya unga wa papo hapo hutoa karibu 60, vikombe vitatu 180. Panadol Extra ina 65 kwa kila kidonge, mbili ni 130. Jumla ni 630, na miraa hatujaigusa. Mtu mzima mwenye afya hushauriwa asipite 400 kwa siku.

Hizo dawa za kichwa ziangalie kwa makini. Maumivu yale yanaweza kuwa ya kukosa usingizi, au ya mwili kudai kafeini. Anayatuliza kwa kafeini nyingine, kesho yanarudi. Akihitaji kidonge, anunue parasetamoli tupu.

Sasa muda. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Akijilaza saa moja asubuhi, kopo la saa nane limebaki na 80 na lile la saa nne lina zaidi ya 40. Yaani analala na vikombe viwili vya kahawa kwenye damu. Usingizi wake utakuwa mwepesi, wa kukatika, na ndoto mbaya akiamka katikati yake ataikumbuka vizuri.

Mtafiti_Kakamega
Swali la kwanza halina jibu moja la ndiyo au la. Inategemea kitu gani, kiasi gani, na lini.

Tukio la kutisha linapotokea, mwili wenyewe humwaga adrenalini, na ubongo hupata noradrenalini nyingi, ndugu yake adrenalini. Hiyo huiambia amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulikia hofu, kwamba jambo hili lihifadhiwe. Mwaka 1994 watafiti Larry Cahill, James McGaugh na wenzao waliwapa watu propranololi, dawa inayozuia sehemu ya kazi ya adrenalini, kabla ya kuwaonyesha picha zenye hadithi ya kuhuzunisha. Baadaye sehemu zile za kuumiza moyo hawakuzikumbuka zaidi ya zile za kawaida, tofauti na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo kichangamshi kilichomo mwilini wakati wa tukio, au saa chache baadaye wakati kumbukumbu ingali inakauka kama saruji mbichi, kinaweza kuikaza.

Lakini kiasi hubadilisha kila kitu. Suzanne Wood na Stephan Anagnostaras walichapisha mwaka 2009 majaribio ya panya na amfetamini: dozi ndogo sana iliimarisha kumbukumbu ya hofu, dozi kubwa iliivuruga. Kathinoni, kichangamshi kilichomo kwenye miraa, ni ndugu wa karibu wa amfetamini, ingawa miraa yenyewe haikuwa kwenye jaribio hilo.

Dada_Section58
Ahsanteni. Mtafiti, sasa si hao marafiki wana hoja? Kama dozi kubwa inavuruga, akitafuna nyingi itafutika?

Mtafiti_Kakamega
Hapana dada, na hapa ndipo watu wanapotea. Panya wale walipewa dawa KABLA ya kujifunza hofu. Ajali ya kaka ina wiki tatu. Kumbukumbu yake imeshakaa, na kuzidisha jaba leo hakurudi nyuma kuifuta.

Hata kuvuruga kwenyewe si kule mnakofikiria. Kuna jaribio la mwaka 2000 ambapo panya walipewa kafeini nyingi, kisha wakafundishwa hofu kwa mlio na mshtuko mdogo wa umeme ndani ya sanduku. Baadaye hawakuliogopa sana lile sanduku, lakini mlio waliendelea kuuogopa vile vile. Kukumbuka mahali hutegemea hipokampasi, sehemu nyingine ya ubongo, na hiyo ndiyo iliyoguswa. Ninavyoona mimi, hofu iliyopoteza mahali pake ni mbaya zaidi kuishi nayo: badala ya kuogopa Salgaa, mtu anaogopa kila breki ya upepo, hata akiwa kitandani.

Jaba_Si_Chai (Nakuru)
Niongeze kuhusu miraa. Kathinoni huwa nyingi kwenye majani mabichi, na ndani ya siku mbili hivi tangu kuchumwa sehemu kubwa imeshageuka kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo sababu inafungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa usiku. Basi kifurushi cha leo na cha juzi si dozi moja hata vikilingana uzito. Ukipanga kupunguza, usihesabu kwa vifurushi peke yake, hesabu saa za kutafuna na saa ya kumaliza. Aanze kwa kumaliza saa kumi na mbili jioni.

Na asiizime handasi, ule mchangamko wa miraa, kwa pombe wala kwa vidonge vya usingizi vya kuokota dukani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba vidonge vya jamii ya diazepamu visitumiwe kutibu dalili hizi ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kiwewe. Akisikia kifua kubana, huo si wakati wa kungoja kesho.

Famasia_Kondele
Swali la pili: kafeini asiache kwa mpigo. Kichwa kitaanza kuuma kati ya saa 12 na 24, kilele ni siku ya pili, na inaweza kufika siku tisa. Wengi hurudia hapo. Siku ya kwanza aondoe kopo la saa nane usiku na zile Panadol Extra. Hapo tayari ameshuka hadi 340. Siku nne baadaye, kopo la saa nne apunguze nusu. Siku nne nyingine, aliache. Kahawa ivutwe iwe ya asubuhi, yote kabla ya saa sita mchana. Chai ya maziwa nayo ihesabiwe, kikombe ni kama 40 au 50.

Mshauri_Milimani (Kisumu)
Wenzangu wamesema vizuri, ila kuna jambo ambalo naona ndilo linalomshika kaka. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, pumzi fupi: hizo ni dalili za kafeini nyingi, na ndizo dalili za hofu. Mwili ukijisikia hivyo saa nane usiku, ubongo unatafuta sababu, na iliyo karibu ni ajali. Kwa watu wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla, majaribio ya kuwapa miligramu 400 hadi 750 yaliwaletea karibu nusu yao shambulio la hofu.

Kinachotuliza hofu ni kujifunza upya: mlio ule unasikika, na hakuna kibaya kinachofuata. Ile ya zamani haifutiki, hii mpya hukua juu yake, na usingizi ndio unaoisaidia kukaa. Kaka akikesha ananyimwa hiyo.

Kwa sasa asilazimishwe kusimulia ajali kwa kila mgeni. Baada ya mwezi mmoja, kama dalili hazijapungua, aende kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile mnayoita PGH, aombe tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe. Huko atarudishwa kwa ngazi: kwanza sauti ya breki kwenye simu kwa kiwango cha chini, kisha kusimama karibu na lori lililozimwa, kisha kukaa ndani, kisha kuendesha barabara tambarare. Kila ngazi abaki hadi hofu ianze kushuka. Akikimbia ikiwa kileleni, ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Na aifanye bila jaba wala kopo, kwa sababu utulivu aliojifunza akiwa amechangamshwa unaweza usimfuate akiwa hajatumia kitu.

Akianza kusema heri angekufa, msingoje mwezi. Mpelekeni siku hiyo hiyo, au pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Kwa miraa yenyewe, NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wako 1192.

Dada_Section58
Mungu awabariki. La mwisho: anataka kuacha na sigara wiki hii, na jana alipewa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Kuna shida?

Famasia_Kondele
Ipo, na vizuri umeuliza. Siprofloksasini huzuia ini kuivunja kafeini, kwa hiyo kikombe kile kile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mpaka amalize dozi, kikombe kimoja asubuhi kinatosha. Moshi wa sigara hufanya kinyume, unaharakisha ini. Akiacha kuvuta, ndani ya siku chache kafeini hupanda damuni bila yeye kuongeza chochote, naye atadhani ni kuacha sigara kunakomtia wasiwasi. Kwa hiyo: amalize dawa, ashushe kafeini kwanza, sigara ifuate. Na kabla hajarudi kazini, mwajiri akumbushwe kwamba sheria ya trafiki inampa dereva wa gari la biashara saa 8 tu za usukani katika kila saa 24. Asipangiwe usiku katika wiki za kwanza, maana dereva anayepunguza kafeini husinzia.