Darubini ya bomba na miwani ya kusomea: Jupita inaonekana kama yai kwenye kikaango, nimekosea wapi?

Kijana_wa_Uyole
Wakuu habari za jioni. Niko Uyole hapa Mbeya, ni fundi simu kwa hiyo kuchezea vitu vidogo vidogo sio shida. Nimejitengenezea darubini, mbele nimeweka lenzi moja ya miwani ya kusomea +1.00, nimeitoa kwenye fremu nikaigandisha kwenye mdomo wa bomba la plastiki la inchi 2 lenye urefu wa kama mita moja, nyuma nimeingiza kipande kingine chembamba kinachoteleza na ndani yake kuna kile kilenzi cha jichoni ninachoangalizia bodi za simu, kimeandikwa 10x. Jumla haijafika elfu 15.

Mchana inapiga kazi, nimeona mnara wa simu ng'ambo ya bonde mpaka nyaya zake, ila umesimama kichwa chini miguu juu. Hilo la kwanza. La pili ndio limeniuma, jioni nikaielekeza kwa Jupita, ile nyota kubwa inayowaka magharibi jua likishazama, nikaona kitu kama yai limepasukia kwenye kikaango, katikati peupe, pembeni zambarau na njano, halafu linatetemeka kama lina homa. Mimi nilitegemea kuona ile miezi yake minne. Mdogo wangu wa darasa la sita akachungulia akasema "kaka hii ni taa ya disko".

Sasa kuna jamaa mtandaoni anauza darubini laki mbili na nusu, imeandikwa inakuza mara 525. Ninunue au hii yangu inatengenezeka? Naomba kuwasilisha.

Mnyalukolo86
Kamwene mkuu. Hiyo ya 525 achana nayo. Darubini kikomo chake kinatokana na upana wa lenzi ya mbele, piga hesabu milimita moja mara mbili, kwa hiyo yenye lenzi ya milimita 60 mwisho wake ni kama mara 120 na hapo ni siku hewa imetulia kweli kweli. Zaidi ya hapo unakuza ukungu tu.

Yako haina ubaya. +1.00 maana yake inakusanya mwanga mita moja kutoka kwenye lenzi, na kilenzi cha 10x ni kama sentimita 2 na nusu, gawanya unapata mara 40. Galileo mwaka 1610 aliiona hiyo miezi minne na darubini ya kama mara 20! Kichwa chini miguu juu ni kawaida, angani hakuna juu wala chini usihangaike.

Zile rangi ndio tatizo. Lenzi moja peke yake inapinda kila rangi kivyake, nyekundu inakutana mbali kidogo na bluu inakutana karibu, na lenzi ikiachwa wazi yote ndio inazidi. Chukua boksi gumu, weka kizibo cha soda juu yake uchore duara, toboa, bandika mbele ya lenzi tundu likae katikati kabisa. Ni kama sentimita 3. Giza litaongezeka kidogo lakini picha itakaza. Galileo naye alikuwa anaziba lenzi zake hivyo hivyo. Na hakikisha upande uliovimba wa lenzi unatazama nje, ndani ya bomba paka rangi nyeusi isiyong'aa au vingirisha karatasi nyeusi.

ndugu_wa_Vwawa
Nyie mnahangaika na vioo, njooni Ndolezi mshike kitu cha angani kwa mkono, Kimondo cha Mbozi tani 12 za chuma hazihitaji fokasi 😂

Mama_Rujewa
Mwanangu naona hakuna aliyekwambia kuhusu jua na una mtoto hapo nyumbani. USIELEKEZE hiyo kitu kwenye jua hata sekunde moja, jicho linaungua na halina maumivu ya kukushtua. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa hapa kwetu Rujewa likabaki kama pete watu walikuja na filamu za eksirei na miwani ya giza, hizo sio kinga. Kioo cha kuchomelea cha namba 14 kinafaa kwa macho matupu tu, sio kuchungulia kwenye darubini. Ukitaka jua, acha mwanga utokee nyuma uangukie karatasi nyeupe na wewe uangalie karatasi, na mtoto asipeleke uso hapo.

Halafu kutetemeka hakutokani na lenzi. Umeishika na mkono si ndio?

Kijana_wa_Uyole
Shikamoo mama. Ndio, nimeegemeza kwenye dirisha nashika na mkono.

Mama_Rujewa
Marahaba. Ukikuza mara 40 hata mapigo ya moyo wako unayakuza mara 40. Jaza mchanga nusu ya kiroba, kiweke juu ya stuli, bomba lilale hapo kama mtoto mgongoni, ukishalenga toa mkono. Toka nje kabisa, dirishani joto la ndani linapishana na baridi ya nje na kwa kipupwe cha huko Uyole picha itachemka tu.

FundiSeremala_Njombe
Kiroba ni cha kuanzia. Mzee mmoja wa Marekani, John Dobson, alikuwa mtawa, alisugua vioo vya darubini kutokana na vioo vya madirisha ya meli mbovu, na stendi yake ni sanduku la mbao linalozunguka juu ya ubao mwingine basi. Mpaka leo dunia nzima wanatengeneza hivyo. Vipande vya plaiwudi karakana yoyote wanakupa.

Ila mimi kwa pesa ningenunua bainokula ya mtumba, 7x50 au 10x50, yaani inakuza mara 7 au 10 na lenzi ya mbele ni milimita 50. Haikuzi sana lakini unaona eneo kubwa, mwezi huu ielekeze juu kwenye mkia wa lile kundi la nyota la Nge utakaa mpaka ugande, na alfajiri kuna Kilimia, kwa macho nyota sita saba, kwa bainokula zinamwagika.

Mnyalukolo86
Bainokula ya mtumba mara nyingi imeanguka, macho mawili hayakutani unaona vitu viwili. Aijaribu kwanza kwenye kitu cha mbali ndio atoe hela.

Kijana_wa_Uyole
Wakuu nimerudi. Kizibo nimefanya, rangi nyeusi nimepaka, kiroba kipo juu ya stuli. Mwezi nimeona mashimo, yale ya pembeni pale mwanga unapokutana na giza, bi mkubwa katoka na khanga kichwani kachungulia akanyamaza kama dakika nzima akauliza "na huko nako kuna mabonde?"

Lakini Jupita bado. Yai limeondoka, rangi zimebaki kidogo sana, haitetemeki, ila ni NUSU. Imekatika upande mmoja kama chapati. Nimezungusha bomba, nimegeuza lenzi, nimefuta na kitambaa, siku tatu nusu ni ile ile na miezi hamna. Lenzi mbovu?

Mnyalukolo86
🤣🤣 Mkuu ukizungusha bomba na ile nusu haizunguki basi haiko kwenye lenzi, iko angani. Hiyo sio Jupita, ni Zuhura! Jupita mwezi huu iko upande wa jua, haionekani, utaipata alfajiri mwezi wa kumi. Zuhura iko karibu na jua kuliko sisi kwa hiyo inamulikwa ubavuni, ina nusu na hilali kama mwezi wetu, kwa macho matupu huwezi kujua. Galileo aliona hicho hicho mwishoni mwa 1610 na ndio akapata ushahidi kwamba inalizunguka jua. Mwambie dogo achore kila baada ya siku tatu nne, itazidi kuwa nyembamba na wakati huo huo kubwa kwa sababu inatusogelea.

Kijana_wa_Uyole
Dah, yaani nimegombana na lenzi siku tatu kumbe nilikuwa naona sawa. Ndaga fijo wakuu. Dogo kaanza kuchora nyuma ya daftari la hesabu, ana michoro miwili. Leo ya tatu imeshindikana, kuna mtu kachoma shamba huku juu, moshi umefunika magharibi yote.