SPIKA HAIJAFA! Wauzaji na mafundi, acheni kula hela za watu kwa sababu ya Bluetooth

Wakuu, hili jambo linakera na limezidi. Mtu ananunua spika ndogo ya Bluetooth, siku mbili inagoma kushika simu, anarudi dukani. Muuzaji anaiwasha, inashika simu yake pale pale, kisha anamjibu mteja: "Mbona nzima? Simu yako ndiyo mbovu."

Simu ya mteja si mbovu! Muuzaji aliijaribu hiyo spika kwa simu yake siku anaiuza, na spika ikiwashwa hukimbilia simu inayoikumbuka. Ikishashikwa na simu ya dukani, simu ya mteja itaiona wapi? Ni yale yale ya nyumbani: tablet ya mtoto iko chumba cha pili, Bluetooth iko wazi, inaidaka spika kabla yako. Ukuta mmoja hauizuii. Zima Bluetooth ya vifaa vyote vilivyowahi kuunganishwa, ndipo uanze.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo mafundi wengi hawalisemi, ni ufunguo. Mara ya kwanza simu na spika hutengeneza ufunguo wa siri kwa pamoja, kila upande unautunza. Ukifanya reset ya spika, yaani kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, upande wake unafutika, lakini simu imebaki na ule wa zamani. Ukigusa jina la spika kwenye orodha, simu inatumia ufunguo ambao spika haiutambui tena. Gusa mara mia, mara nyingi haitaunganika. Na kwa kosa hilo spika inafunguliwa kwa bisibisi, mteja analipishwa "IC ya Bluetooth", yaani chipu mpya! Ni aibu.

Futa pande ZOTE MBILI. Kwenye Android ingia Mipangilio, sehemu ya Bluetooth, gusa alama ya gia pembeni ya jina la spika, chagua Forget, au Sahau kama simu iko Kiswahili. Kwenye iPhone na iPad gusa ile herufi "i". Zima na kuwasha Bluetooth ya simu. Kisha reset ya spika: JBL nyingi kama Flip na Charge, ikiwa imewashwa, unakandamiza kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kucheza, sekunde kadhaa hadi ijizime. Zile zisizo na jina, mara nyingi ni kukandamiza kitufe cha kucheza au chenye alama ya Bluetooth. Iwashe, iweke ndani ya mita moja na simu, subiri taa iwake na kuzima harakaharaka, ndipo utafute. Taa ikitulia bila kuzima kabla hujagusa kitu, kuna simu nyingine imeshaidaka. Ikidai namba, jaribu 0000, halafu 1234.

Na watengenezaji nao! Kitufe kimoja, kazi tatu, karatasi ya maelekezo haina neno la Kiswahili. Kile cha M ndicho kinatesa watu kuliko vyote: kinahamisha spika kutoka Bluetooth kwenda redio, memori kadi, flashi, waya. Nyingi za bei rahisi ukichomeka flashi tu zinaiacha Bluetooth bila kukuambia, simu inatafuta hadi jioni. Chomoa kila kitu, bonyeza M hadi irudi Bluetooth.

Imeunganika lakini muziki unatokea kwenye simu? Rudi kwenye ile gia, washa swichi ya sauti ya media. Ikizimwa hiyo, spika inabaki ya kupokelea simu tu. Wenye spika mbili za TWS, yaani zinazoimba pamoja bila waya kati yake, ziunganisheni zenyewe kwa zenyewe kwanza, simu zote zikiwa zimezimwa Bluetooth. Zikishashikana ndipo mlete simu moja. Ukianza na simu utapata spika moja inaimba, nyingine kimya.

Wauzaji, kabla mteja hajaondoka futeni simu yenu kwenye spika, muunganishe YAKE mbele yake. Ni dakika mbili!

Spika ya kupeleka kwa fundi ni ile ambayo imechajiwa ikajaa, haina flashi wala waya, imefanyiwa reset, na bado haionekani kwenye simu mbili tofauti. Inayokata kila ukiongeza sauti, mwambie aanze na betri. Imechoka, umeme unashuka, Bluetooth inazima nao.